Pumzi ya Namba Kumi na Saba

Baba yangu nilimpa namba mimi mwenyewe. Nilimpa kwa mikono yangu, ndani ya chumba cha vioo, nikiwa nimevaa glavu mbili juu ya kila mkono kwa sababu kazi yenyewe haitaki hata jasho la kidole. Siku nilipomaliza nilijisifu peke yangu, nikajinunulia chapati mbili na kuzila nimesimama.

Dawa iliitwa Pozani. Ilikuwa dawa mpya ya sukari, haijaruhusiwa kuuzwa popote, na watu arobaini wa Tukuyu na vijiji vya jirani walikuwa wakiimeza kwa majaribio kwenye kituo chetu. Kazi yangu ilikuwa kuitengeneza upya kwa atomi nzito. Mtu akisikia hivyo anafikiria mionzi, anaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Hakuna mionzi. Kuna kaboni ya kawaida, na kuna nyingine inayofanana nayo kwa kila kitu ila imezidi uzito kidogo. Kuna haidrojeni ya kawaida, na kuna ndugu yake mzito, ambaye mimi nilimpata kutoka kwenye maji mazito yaliyokuja kwa vichupa vidogo vya kioo. Nikiitoa atomi nyepesi mahali fulani kwenye dawa na kuweka nzito, dawa inabaki ile ile. Ini halijui tofauti. Lakini ini likishaivunja, kipande kidogo kinageuka hewa na kutoka na pumzi, kikiwa na atomi zake nzito pale pale nilipoziweka. Ukibadilisha mahali, unapata alama nyingine. Nilipata alama arobaini, moja kwa kila mtu, na kumi na saba ilikuwa ya baba.

Kwenye chumba cha wagonjwa tulikuwa na kinusa, mashine ya ukutani yenye bomba la kupulizia. Mgonjwa anapuliza, kinusa kinasoma ni namba ngapi na ni kiasi gani cha dawa kimepita mwilini mwake wiki ile. Hakuna haja ya sindano wala ya kumuuliza mtu kama amemeza. Watu walikipenda. Mama mmoja wa Masoko alikuwa akikiambia kwaheri kila anapoondoka.

"Subilaga," Daktari Shekalaghe aliniambia asubuhi moja, kabla sijavua koti la mvua. "Kumi na saba tena."

Daktari Shekalaghe ndiye aliyekuwa mkuu wa utafiti, mwanamke mrefu kutoka Lushoto, mpole, anayeongea taratibu kiasi kwamba unaweza kumaliza chai kabla hajamaliza sentensi. Alinigeuzia kioo cha kompyuta yake. Wengine wote walikuwa wanatoa pumzi kama tulivyotarajia. Baba alikuwa anatoa nusu.

"Wiki ya sita hii," alisema. "Ama mwili wake unaimaliza dawa upesi mara mbili ya wenzake, hata nyingine imeshatoka kabla hajapuliza, ama mkono wako uliteleza."

"Mkono wangu hautelezi, Daktari."

"Basi nenda ukaniambie hivyo baada ya kupima."

Nilikwenda nimenuna. Siku tatu nzima nilijitafuta kosa. Nilichukua vidonge vya akiba vya namba kumi na saba, nikaviyeyusha, nikavipitisha kwenye bomba refu la kuchujia tone baada ya tone, nikapima kwa mzani ambao ukipumua karibu yake unakukasirikia. Nilifungua hata vichupa vya maji mazito nikavipima kimoja kimoja, nikidhani labda nilitumiwa maji ya bomba. Kila kitu kilikuwa sawa. Mkono wangu haukuteleza, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani ungekuwa umeteleza.

Maana sasa yalibaki maelezo ya aina moja tu, kwamba miili ya wazee inaimaliza Pozani upesi. Katika watu wetu arobaini waliopita miaka sabini walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa amehamia Mbeya kwa mwanawe. Walibaki wawili, na mmoja wa hao wawili ni baba. Pumzi yake ilikuwa nusu nzima ya kila tulichokijua kuhusu wazee.

"Ijumaa ijayo takwimu zinakwenda kwenye baraza linaloruhusu dawa," Daktari alisema nilipompa majibu. "Kama kumi na saba yuko hivyo, nitapendekeza wazee wapewe dozi maradufu."

Nikaitikia kwa kichwa. Pozani ikizidi mwilini, sukari inashuka ghafla. Mtu anatetemeka, anachanganyikiwa, na akiwa peke yake nyumbani anaweza asiamke. Lakini kama mwili unaimaliza upesi, haiwezi kuzidi. Hesabu ilikuwa safi kabisa.

*

Jumatatu baba alikuja kupuliza, na kama kawaida alikuja na Mzee Asegelile. Walikuja chini ya mwavuli mmoja, kila mmoja amelowa bega moja.

Hawa wawili lazima niwaeleze. Walizaliwa wiki moja, kijiji kimoja. Zamani sisi Wanyakyusa watu wa rika moja walikuwa wanajenga pamoja na kula pamoja, na raha ya kukaa hivyo na wenzako tunaiita ukwangala. Siku hizi kila mtu anajenga anapopata kiwanja, lakini baba na Asegelile walikuwa wakaidi, wakajenga nyumba mbili zenye ua mmoja wa vichaka vya utupa katikati, na ule ua wameutoboa njia kwa kupitapita. Mama yangu alipokuwa hai alikuwa anapika akihesabu tumbo la Asegelile. Mtu anayekula peke yake, kwa wazee hawa, kuna kitu anaficha.

Wote wawili wana sukari. Wote wawili waliomba kuingia kwenye majaribio. Utafiti ulipokea watu hadi miaka sabini na mitano, na baba ana sabini na minne. Asegelile naye ana sabini na minne, ila alipokuwa kijana alijiongezea miaka mitatu ili aajiriwe kiwanda cha chai, na ile miaka ikaingia kwenye vitambulisho vyake vyote na haijatoka hadi leo. Kompyuta ilimkataa bila hata kumwangalia usoni.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mwanetu. Ndaga, ndaga," akajibu Asegelile, akishukuru kwa Kinyakyusa huku akikung'uta mwavuli juu ya sakafu yangu.

Baba akapuliza. Kinusa kikawaka kijani: kumi na saba, nusu. Hakikunishangaza tena. Baba akafuta bomba kwa leso yake kwa heshima. Yeye alikuwa mwonja chai, wa mwisho wa kibinadamu kule kiwandani, kabla hawajaleta ulimi wa mashine. Bado anazungumza na mashine zote kama mtu aliyedhulumiwa na ndugu yao.

"Na mimi leo nijaribu hiyo filimbi," Asegelile akasema.

"Hiyo si ya kuchezea, baba," nikamwambia.

"Wiki saba namsindikiza huyu. Hata kupuliza mara moja?"

"Twende, Asegelile," baba akasema haraka. "Mvua inakuja."

"Inakuja wapi, na tumeshalowa?"

Akapuliza. Alipuliza kwa nguvu, mashavu yamejaa, akinikonyeza. Nikacheka. Nilikuwa bado nacheka kinusa kilipowaka.

Kumi na saba. Nusu.

Chini yake kikaandika: namba hii imeshapuliza leo, je, ihifadhiwe? Nilimtazama baba. Baba alikuwa anasoma bango la kunawa mikono ambalo amelisoma kila Jumatatu kwa wiki saba. Kidole changu kikaenda chenyewe kwenye neno Subiri, na taa ndogo ya njano ikawaka pembeni.

"Inasemaje?" Asegelile akauliza.

"Inasema una pumzi nzuri."

"Mashine yenye adabu." Akaketi kwenye benchi, akavua kiatu cha kulia, na soksi, akanyoosha mguu mbele yangu. "Sikutaka kukusumbua kazini, lakini tazama. Miaka miwili kidonda hiki. Mke wangu alikuwa anafungua madirisha nikiingia. Tazama sasa."

Kidonda kilikuwa kimefunga. Ngozi mpya ilikuwa nyororo, ya rangi hafifu, kama ya kitoto.

"Mungu akubariki kwa kunikumbuka," akasema, na sauti yake ikapungua. "Baba yako aliniambia ulivyohangaika kunipatia vile vipande. Nilikaa kimya kama ulivyoagiza. Ila leo nimeona nikushukuru mwenyewe."

Sikuagiza kitu chochote. Nilipiga magoti kidogo kama ninavyopaswa nikishukuriwa na mtu wa rika la baba, nikasema ahsante, na machozi yakanijia mbele ya watu wanaosubiri zamu yao.

*

Mchana ule ule nilikwenda nyumbani kwa baba. Nilimkuta jikoni akipima majani ya chai kwa kiganja. Kikombe chake ni cha chai isiyo na sukari, miaka tisa sasa, na bado anaivuta kwa mluzi kama yuko mbele ya meza ya kuonjea.

"Unavikata na nini?" nikamuuliza, hata kabla ya salamu.

"Wembe," akasema. "Mpya kila wiki. Usiniangalie hivyo, nanawa mikono."

"Ulisaini kwamba humpi mtu mwingine, baba."

"Nilisaini kwenye kioo kwa kidole kimoja. Ulisema 'weka hapa', nikaweka."

Hilo lilikuwa kweli. Siku ile nilikuwa na haraka ya kumwingiza kabla nafasi hazijaisha. Nilimsomea masharti kwa kasi ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni, nikamshika kidole nikakibonyeza. Kwa watu wengine thelathini na tisa nilitumia saa nzima kila mmoja. Kwa baba yangu nilitumia dakika nne.

"Nilikwambia dawa ina alama," nikasema.

"Alama nilidhani ya kiwanda. Hata mfuko wa chai una alama. Lakini chai haimfuati mtu tumboni ikatoka kwenda kusema nani kainywa." Akanimiminia. "Hukuniambia dawa itanitaja, Subi."

"Ungeacha kukata kama ningekwambia?"

Alilifikiria swali. Baba hajawahi kujibu kitu kabla hajakizungusha mdomoni.

"Hapana," akasema. "Lakini ningekwambia kwamba nakata."

Kupitia dirishani nilimwona Asegelile ng'ambo ya ua, akitembea bila fimbo, akifukuza kuku wa jirani kwa furaha ambayo yule kuku hakuistahili.

"Kwa hiyo mimi nikae hapa nimeze," baba akasema, "na yule pale mguu unaoza, kwa sababu ya miaka mitatu ya uongo aliyosema ili aweze kula? Mimi nilikuwepo aliposema uongo huo. Mimi ndiye niliyemfundisha kujibu swali la mwaka wa kuzaliwa."

Nilikuwa nimekuja na hasira, na hasira ikaanza kunitoka, jambo lililonikera zaidi. Nikamweleza. Nikamwambia kwamba Ijumaa Daktari ataandika kuwa wazee wanahitaji dozi maradufu, kwa sababu ya pumzi yake. Kwamba daktari fulani mahali fulani atasoma, atampa mzee fulani vidonge viwili badala ya kimoja, kwa nia njema kabisa. Na mzee yule atakwenda kulala.

"Mzee wa wapi?" baba akauliza.

"Wa popote. Wa Mbozi. Wa Kigoma. Sijui."

Akakiweka kikombe chini.

Hapo ndipo nilipomwambia jambo ambalo nilikuwa nalo kichwani tangu asubuhi. Nilimwambia kwa sauti ya chini, kana kwamba kuku wangetusikia. Dawa ya kutosha ipo. Atomi ninazo. Naweza kutengeneza namba arobaini na moja ambayo haipo kwenye kitabu chochote, nikamletea Asegelile vidonge vyake mwenyewe. Halafu naandika kwamba zile wiki saba za baba kinusa kilikuwa kibovu, nazifuta, na kuanzia sasa baba anameza kizima. Hakuna mzee atakayepewa maradufu. Mguu hautarudi kuoza. Hakuna atakayejua.

"Utaandika kwamba mashine ilikosea," baba akasema.

"Ndiyo."

"Na haikukosea."

"Haikukosea."

Baba akaanza kunisimulia habari za meneja mmoja wa kiwandani, aliyemletea chai iliyoungua na kumwambia aipe alama nzuri kwa sababu meli inasubiri. "Niliitema kwenye ndoo mbele yake," akasema. "Si ushujaa. Ulimi wangu ulikuwa ndio mali yangu, na siku ungesema uongo mara moja ungekuwa ulimi wa kulia ugali tu. Wewe una hicho kinusa. Ni ulimi wako."

"Baba, Asegelile mguu..."

"Najua mguu. Mimi ndiye ninayeuosha." Akasimama, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa na homa. "Niachie mpaka Ijumaa. Usiseme, usifute. Niachie."

Nilimwachia. Sijivunii siku nne zile. Ile taa ya njano ilikuwa ikiwaka kila nikipita, na Jumatano nilifika hatua ya kupima unga wa namba arobaini na moja. Niliuona juu ya mzani, mweupe, kidogo kiasi cha kukaa kwenye ukucha. Nilikaa mbele yake mpaka chai yangu ikapoa, kisha nikaurudisha kwenye chupa yake. Ningependa kusema niliurudisha kwa sababu ya ukweli. Niliurudisha kwa sababu baba alinishika kichwa.

*

Ijumaa walikuja saa tatu asubuhi, wamevaa makoti ya kanisani. Mwavuli ulikuwa mmoja, lakini hawakuwa wanaongea. Asegelile alitembea ametazama upande, amenuna kama bibi harusi aliyecheleweshwa, na baba alimshikia mwavuli huku yeye mwenyewe akilowa mabega yote mawili.

Daktari Shekalaghe aliwakaribisha viti. Mimi nilisimama mlangoni.

"Daktari," baba akaanza, "mimi ni Mwansasu, namba kumi na saba. Sijameza kidonge kizima hata siku moja. Nilimeza nusu."

"Na mimi ndiye nusu ya pili," Asegelile akasema. "Ila mimi nilidanganywa. Huyu aliniambia dawa imetoka kwa mtoto, kwamba ni ya kwangu. Kama ningejua anajinyima, ningemtemea usoni. Miaka sabini na minne namjua, Daktari, na ananidanganya kama mtu wa sokoni!"

"Ungekataa," baba akasema.

"Ningekataa, ndiyo! Ni haki yangu kukataa!"

"Ndiyo maana sikukwambia."

Baba akatoa kopo la vidonge mfukoni, akaliweka mezani. Vilikuwa saba, vizima, kama nilivyompa Jumatatu. Hakuna aliyemeza. Baba alikuwa amemweleza ukweli jioni ile ile, Asegelile akakataa nusu yake, na baba hakuweza kumeza peke yake.

Ikawa zamu yangu. Nilikwenda kwenye kinusa, mbele yao wote nikabonyeza Hifadhi, na taa ya njano ikazimika. Nikamwambia Daktari kwamba nilijua tangu Jumatatu. Nikamwambia dakika nne nilizotumia kwenye masharti ya baba. Nikamwambia hata ule unga wa mzanini, jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, na baba akainua kichwa.

Daktari Shekalaghe alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge chake, kwa utaratibu wake ule ule. Nilidhani hatamaliza.

"Mzee Asegelile," hatimaye akasema, "una kadi yako ya kliniki ya kawaida?"

Alikuwa nayo, kwenye mfuko wa nailoni ndani ya koti. Daktari akaisoma mstari kwa mstari. Akaomba kuuona mguu. Akafungua takwimu za baba, akaziweka kando ya kadi, akakaa akizitazama.

"Sukari ya huyu imeshuka vizuri," akasema, akijisemea zaidi kuliko kutuambia. "Na ya huyu pia. Wazee wawili, nusu nusu, wiki saba. Mwili hauimalizi upesi. Nusu ndiyo inayowatosha." Akafunga macho. "Na mimi nilikuwa naandika maradufu. Nilikuwa nimebakiza sahihi."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Asegelile akajikohoza.

"Kwa hiyo tumesaidia?"

"Sana, mzee wangu. Nitaandika yote, jinsi yalivyotokea. Baraza linaweza kukubali, linaweza kutupa karatasi yangu, lakini maradufu haiandikwi tena." Akavaa miwani. "Na siwezi kuwabakiza. Wewe Mzee Mwansasu unatoka leo. Mzee Asegelile, wewe hukuwahi kuingia."

"Hata kama nusu inatosha?" baba akauliza.

"Hata kama. Mpaka baraza likiruhusu. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa miwili." "Nisameheni."

"Usituombe msamaha," baba akasema. "Umeonja, umetema. Ndivyo inavyotakiwa."

Mimi aliniambia tulipobaki wawili. Chumba cha vioo kitashikwa na mtu mwingine mpaka baraza lijibu. Nitakaa mapokezi, nisome masharti kwa wagonjwa wapya, kila mmoja kwa saa nzima. Nililia, si kwa ajili ya mapokezi. Nililia kwa ajili ya ule mguu, na ngozi yake mpya ya kitoto.

Kazi yangu ya mwisho ndani ya chumba cha vioo ilikuwa kuteketeza namba kumi na saba. Vidonge vya akiba, unga uliobaki, vile saba vya kwenye kopo. Nilivitia kwenye tanuru dogo, nikasimama hapo mpaka kipimo kikaonyesha hakuna kilichobaki. Rafuni kilikuwepo kichupa kimoja cha maji mazito, hakijafunguliwa, kilichokusudiwa kutengenezea fungu lijalo la vidonge vya baba. Nilikipeleka kwa Daktari.

"Hiki kilikuwa cha namba kumi na saba," nikasema. "Naomba nimpelekee mwenyewe."

Alikitazama, akanitazama, akaelewa. Yeye ni mtu wa maabara kama mimi. "Si zaidi ya kijiko kwa mtu," akasema.

*

Jumamosi asubuhi nilimkuta baba jikoni. Hakuwa amepika chai. Alikuwa ameketi akitazama ua wa utupa, na ile njia iliyotobolewa katikati yake.

"Hajavuka tangu jana," akasema. "Nimemwita mara mbili. Anajifanya hasikii."

"Fumbua mdomo, baba."

"Nini hiki?"

"Fumbua kwanza."

Nikavunja shingo ya kichupa, nikamimina kijiko kimoja cha maji, meupe, yasiyo na harufu. Akayapokea kama mwonja chai, akayavuta kwa mluzi, akayazungusha nyuma ya meno. Akasimama tuli. Nikaona macho yake yanabadilika.

"Subi," akasema, maji bado mdomoni. "Ni tamu."

"Ni tamu, baba."

"Sukari?"

"Hakuna sukari. Ni maji tu, ila haidrojeni yake ni nzito, nayo ulimi wa mtu unaiona tamu. Hayakudhuru. Hayapandishi kitu."

Miaka yake yote ya kazi alikuwa anaonja na kutema kwenye ndoo. Safari hii alimeza. Alimeza polepole, amefumba macho, na chozi moja likashuka kwenye kunyanzi la shavu akaliacha lishuke.

"Utamu wa mbali," akasema. "Unakuja mwishoni. Kama muwa uliooshwa. Mama yako angeupenda." Akafumbua macho, akatazama kichupa mkononi mwangu, halafu akatazama dirishani, halafu tena kichupa. Aliona aibu kuuliza, baba yangu, mtu ambaye hakuona aibu kunikatia dawa kwa wembe wiki saba. Badala ya kuuliza akatoka nje mpaka kwenye ua.

"Asegelile!" akaita. "Njoo uonje kitu!"

Ni kuku tu waliogeuka.

"Asegelile! Ni kitamu!"

Kisha tukasikia mlango wa ng'ambo, na fimbo. Alikuwa ameanza tena kushika fimbo. Akajitokeza kwenye njia ya ua, koti juu ya mabega, uso bado umekunjwa.

"Sikuja kwa ajili yako," akamwambia baba. "Nimekuja kumsalimia mtoto."

Baba akanigeukia. "Imebaki?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilipima vijiko viwili," nikasema.

Mzee Asegelile akainamisha kichwa, akafumbua mdomo, nami nikamshikia kijiko.